Nikiliona, Nitajuaje?

Daktari alikuwa amemaliza. Kovu la unyayoni mwa shangazi yangu, pale alipokatwa melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, lilikuwa limefunga vizuri, hakukuwa na mtoki kinenani, na tarehe ya kurudi ilikwisha andikwa kwenye kadi. "Nyumbani uendelee kujikagua ngozi kila mwezi, mama," akasema, akampa kijikaratasi chenye picha za madoa. Shangazi akashukuru, tukatoka.

Kwenye korido alisimama, akaegemea ukuta kuupumzisha mguu.

"Mwanangu, lile la kwanza nilikaa nalo muda wote ule nikidhani ni kiatu kimenichubua. Hilo la pili, nikiliona, nitajuaje kuwa ndilo?"

Nilimshika mkono tukaendelea kutembea, maana sikuwa na la kumjibu. Wiki zimepita na swali lile halijaniachia. Nimesoma, nimewauliza wauguzi, nimelala nalo na kuamka nalo. Sasa naanza kuona kwamba sisi tunaomzunguka mgonjwa tumekuwa tukijibu swali ambalo yeye hakuuliza. Tunamwambia dalili ni zipi. Yeye anauliza atayaaminije macho ambayo yalishamdanganya mara moja.

Herufi tano

Kijikaratasi kile kilikuwa na herufi ambazo karibu kila aliyetibiwa melanoma amewahi kuonyeshwa, A hadi E, kila moja ikianza neno la Kiingereza la jambo la kutazama. Doa ambalo nusu yake hailingani na nusu nyingine. Kingo zilizochongokachongoka, au ambazo huoni zinaishia wapi. Rangi zaidi ya moja ndani ya doa moja. Upana unaozidi milimita 6. Na la mwisho, doa linalobadilika. Zile nne za kwanza zilitungwa mwaka 1985 na madaktari wa Chuo Kikuu cha New York. Ya tano iliongezwa mwaka 2004.

Ni msaada wa kweli, na sitaki mtu azitupe. Lakini nilikaa na shangazi mezani, kijikaratasi katikati yetu, nikaona kinachotokea pale herufi zinapokutana na ngozi ya mtu. Aligeuza mguu akaniuliza kuhusu doa la kwenye muundi. Limelingana? Kiasi. Kingo zake? Sijui, labda. Rangi ngapi? Inategemea umesimama wapi na taa iko wapi. Kila herufi ilimtaka atoe hukumu, na kila hukumu ilimwachia shaka kubwa kuliko aliyoanza nayo.

Daktari wa ngozi hupata jicho lake kwa kutazama maelfu ya madoa huku aliyemtangulia akimsahihisha. Shangazi alipewa picha tano, zote za ngozi nyeupe.

Isitoshe, zipo melanoma zisizofuata herufi hizo. Kuna zile zinazoota kama kinundu na kukua haraka, ambazo zinaweza kuwa duara safi lenye rangi moja. Kuna nyingine hazina weusi wowote, ni za waridi au nyekundu, mtu akaziona kama kipele tu. Kwa hizo, madaktari hutazama mambo mengine: limeinuka, ni gumu ukiligusa, na linazidi kukua. Nilipomsomea hayo, shangazi aliweka miwani mezani.

"Basi ni kila kitu," akasema.

Kila usiku, kisha basi

Kwa muda alijikagua kila usiku kwa tochi ya simu. Alibonyeza, alisugua, alikwaruza kidogo kuona kama litatoka. Doa lililosuguliwa usiku likawa jekundu asubuhi, na wekundu ule ukawa dalili mpya. Halafu siku moja nikagundua ameacha kabisa. Kioo kikubwa cha chumbani alikigeuza kikaangalia ukuta.

Nimekutana na wagonjwa wa aina zote mbili kwenye benchi la kliniki, na zamani nilidhani ni watu tofauti. Sasa naamini ni mtu yule yule. Anayetazama kila saa na asiyetazama kamwe wote wamebeba wazo moja: kwamba kuona ni kazi yao peke yao, na kwamba wakikosea, wamejiua.

Hofu yenyewe si ya kipuuzi, na ninachukia inapoitwa hivyo. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alionyesha kwamba unene wa melanoma, yaani jinsi ilivyozama ndani ya ngozi, unaeleza mengi kuhusu hatima ya mgonjwa. Mpaka leo hupimwa kwa milimita: isiyozidi 1 ni habari njema kuliko ya 2, na inayozidi 4 ni habari nzito. Mtu aliyekwisha kuipata mara moja ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata nyingine mpya, na ile ya kwanza inaweza kurudi karibu na kovu au kwenye tezi. Shangazi anajua haya. Anajua kwamba wakati ni milimita.

Lakini kutazama kila usiku hakukumsogeza karibu na usalama. Anayeishi na mtoto haoni anavyorefuka; ni mgeni wa mara moja moja anayeshangaa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushauriwa kujikagua mara moja kwa mwezi: muda mrefu wa kutosha kwa badiliko kuonekana, na mfupi wa kutosha lisije likaenda mbali. Hilo hakuna aliyemweleza. Aliambiwa "kila mwezi" kama anavyoambiwa kumeza kidonge, pasipo sababu. Agizo lisilo na sababu ndilo la kwanza kuvunjwa hofu inapopanda.

Ngozi ya nani, mahali gani

Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikagunduliwa mwaka 1977. Namtaja kwa sababu jina lake linajulikana na kila mtu, lakini ni wachache wanaojua kilichomuua kilianzia wapi.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, melanoma ni adimu, na inapotokea hupendelea mahali ambapo jua halina kazi: nyayo, viganja, chini ya kucha. Mtu akiambiwa tu "jihadhari na jua, kagua sehemu zinazopigwa na jua," atakagua uso na mikono kwa uaminifu wote na asifunue unyayo hata siku moja. Michirizi ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa wengi wenye ngozi nyeusi. Mchirizi wa kutia shaka ni ule ulio kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umemwagikia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha.

Melanoma nayo si saratani pekee ya ngozi. Ile inayoanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu huwakumba sana watu wenye ualbino, hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na mara nyingi huanza kama kigaga au kidonda kidogo kisichotaka kupona. Kwa mwenye ngozi nyeusi, saratani hiyo hiyo inaweza kuota ndani ya kovu la zamani la moto au kwenye kidonda ndugu kilichokaa miaka. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika kuhusu vidonda vinavyoota kwenye makovu tangu mwaka 1828, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Kwa mgonjwa kama huyo, kumfundisha kutafuta doa jeusi ni kumpeleka mahali pasipo na kitu. Yeye anatakiwa alijue kovu lake: limechimbika upya? Linatoa damu, usaha, harufu? Lina ukingo mgumu ambao mwezi uliopita haukuwepo?

Huwezi kuwapa hawa wote kijikaratasi kimoja ukasema umewafundisha.

Yaliyo salama kwanza

Aliyegeuza mambo ni muuguzi mmoja.

Miadi iliyofuata, kabla ya daktari kufika, alimkuta shangazi amekaa na mikono imefumbatwa. Akamuuliza kama anajikagua. Shangazi akasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayetaka maswali yaishe. Muuguzi hakumgombeza, wala hakutoa karatasi. Alisogeza taa na kumwomba avue blauzi, kisha akauchukua mkono wa shangazi mwenyewe, akauweka juu ya ngozi yake na kuanza na vitu visivyo na madhara.

"Hivi vidutu vyeusi vya mashavuni huja na umri, ni vya kwako, havina neno. Hili la mgongoni limeinuka, kavukavu, kama limebandikwa juu. Nalo ni la umri. Hiki ni chunjua. Hili ni kovu la chanjo. Hapa, pitisha kidole. Unasikia ukingo wa kovu ulivyo mgumu kidogo? Huo ndio ugumu wake wa kawaida. Ukumbuke."

Nilisimama pembeni nikiangalia mabega ya shangazi yakishuka.

Hakufundishwa saratani hata moja siku ile. Alifundishwa ngozi yake. Nilipofika nyumbani nilielewa kwa nini lilifanya kazi. Kati ya vitu vyote vilivyomo mwilini mwa mtu mzima, vingi mno havina madhara. Aliyefundishwa hatari pekee anaingia chumbani mwake gizani, kila anachogusa kinamshtua. Aliyejua kilicho chake anaweza kuona kisicho chake. Madaktari wawili wa Ufaransa, Grob na Bonerandi, waliliweka wazo linalokaribiana na hilo kwenye maandishi mwaka 1998: madoa ya mtu mmoja hufanana kama ndugu, na la kuangaliwa ni lile lisilofanana na ndugu zake. Kulitambua hilo hakuhitaji mtu awe amesoma kitabu. Kunahitaji awe anawajua ndugu.

Kuna jambo jingine ambalo mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza mwaka 1977, kwamba mtu huamini uwezo wake hasa kwa kuwa amekwisha kufanya jambo na kufaulu, kuliko kwa kuambiwa kwamba anaweza. Tulikuwa tukimwambia shangazi "utaweza tu." Muuguzi alimpa nafasi ya kufanya, palepale, mbele ya mtu wa kumsahihisha.

Tulipiga picha za madoa yake makubwa, rula ndogo ikiwa kando, taa ile ile, umbali ule ule. Sasa utaratibu wake ni mmoja. Baada ya kuoga, mahali penye mwanga, anaanza kichwani na kumalizia kwenye nyayo, na habadilishi mpangilio, ili asije akajiuliza kama ameruka sehemu. Katikati ya vidole, chini ya matiti, masikio kwa nyuma. Sehemu za siri anazikagua mwenyewe kwa kioo cha mkononi, kwa sababu melanoma inaweza kutokea hata huko. Mwisho anapitisha vidole kuanzia kovuni, kupanda mguu, hadi kinenani, akitafuta kinundu chini ya ngozi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kioo cha chumbani kimegeuka tena upande wake.

Mgongo

Mgongo, kisogo na ngozi ya kichwa hakuna anayejitazamia vizuri. Hapo ndipo nilipoingia mimi, na sitajifanya kwamba ilikuwa rahisi. Shangazi amenilea. Kumwona akivua nguo mbele yangu ili nimchambue nywele kwa kitana, fungu kwa fungu, kulihitaji sote wawili tuvuke haya ambayo hatukuwahi kuizungumzia.

Faida yake naiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na daktari wa ngozi June Robinson wa Chicago, uliwafundisha wagonjwa wa melanoma pamoja na wenzi wao kukagua ngozi wakiwa wawili. Waliofundishwa waligundua melanoma mpya nyingi zaidi kuliko wasiofundishwa, na hawakujazana kliniki bila miadi. Hilo la pili ndilo nililolisoma mara kadhaa, kwa sababu hofu ya wahudumu wengi ni kwamba ukimfundisha mgonjwa kutazama, atakuja na kila kipele.

Lakini naomba wahudumu wamfundishe pia huyo mtu wa pili. Kunyooshewa kidole na kuambiwa "mwanao atakusaidia" hakutoshi.

Doa lisilo kitu

Siku moja shangazi aliliona. Kidoa cheusi, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, si mbali na kovu. Alilinganisha na picha ya mwezi uliotangulia. Halikuwepo.

"Nisiwasumbue," akasema. "Nitasubiri miadi."

Nilipiga simu, tukapewa nafasi wiki ile ile. Daktari alilitazama kwa demoskopu, kile kilenzi chenye taa, akakaa kimya kidogo. Kisha akachukua wembe wa kliniki, akaparura taratibu ngozi ngumu ya juu ya unyayo, na kidoa kikatoka. Ilikuwa damu iliyovia chini ya ngozi, jambo la kawaida sana mahali panapobeba uzito wa mwili.

Hapo ndipo ninapotaka kila mhudumu wa afya asimame nami.

Dakika ile daktari angeweza kusema, kwa wema kabisa, "Hamna kitu, mama, uache wasiwasi." Na shangazi angeitafsiri hivi: niliona vibaya, nimewapotezea muda, macho yangu bado ni yale yale. Mama mmoja tuliyekaa naye benchini aliniambia aliambiwa hivyo mahali fulani alipopeleka uvimbe wake wa kwanza. Tangu siku hiyo huwa anasubiri tarehe ya kadi, hata akiona nini.

Daktari wetu alisema hivi: "Umeona kitu cha milimita moja chini ya unyayo wako, na ukajua mwezi uliopita hakikuwepo. Hilo ndilo jicho ninalolitaka. Lilete tena na tena." Akampa kile kilenzi atazame mwenyewe. Akamweleza kwamba doa la kawaida la unyayoni mara nyingi hufuata vijifereji vya ngozi, na melanoma hupenda kufuata matuta yaliyo katikati ya vijifereji hivyo. Shangazi alitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi.

Naamini kujiamini kwa mgonjwa kulizaliwa pale, juu ya doa lisilo kitu. Haikuwa kwenye kijikaratasi, wala kwenye somo la muuguzi, japo bila somo lile asingeliona. Kazi yake haikuwa kujua kama ni saratani. Hata daktari mara nyingi hajui mpaka kinyama kikatwe na kupimwa maabara. Kazi yake ilikuwa kuona badiliko na kulileta, na aliifanya bila kosa lolote. Kengele iliyolia na pasionekane moto ni kengele nzima, na mtu anapaswa kuambiwa hivyo usoni.

Mashaka yangu

Bado yapo.

Najiuliza kama hatumtwishi mgonjwa kazi ambayo ni ya hospitali. Kuna anayeishi peke yake, kuna asiyeona vizuri, kuna ambaye mikono inatetemeka. Kuna ambaye kujitazama kunamrudisha chumba cha upasuaji kila mara, na huyo ana haki ya kukaguliwa na mtu mwingine bila kuonekana mzembe. Mwaka 2023 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilisema ushahidi hautoshi kuunga mkono wala kupinga madaktari kuwakagua ngozi watu wote wasio na dalili. Ushauri huo hauwahusu waliokwisha kuugua, lakini unanikumbusha nisiahidi kwamba kujikagua ni ngao.

Kuhusu programu za simu zinazodai kusoma picha ya doa na kutoa jibu, siwezi kusita: tathmini iliyochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2020 ilikuta haziwezi kutegemewa. Simu ni nzuri kwa kukumbuka doa lilivyokuwa. Hukumu isitoke humo.

Kilichonipunguzia shaka ni jaribio lililofanyika Aberdeen na Cambridge, huko Uingereza, ambapo wagonjwa 240 wa melanoma waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa tableti zilizowakumbusha kujikagua na kuwawezesha kutuma picha na maelezo kwa muuguzi bingwa. Walijikagua zaidi, na hali yao ya kisaikolojia haikuharibika. Nadhani najua kwa nini. Upande wa pili wa tableti palikuwa na mtu anayejibu.

Anayepokea simu

Kwa hiyo nimeanza kumtazama mtu ambaye hatajwi kwenye kijikaratasi chochote: yule anayepokea simu ya kliniki. Mgonjwa amejipa moyo, amejikagua, amelinganisha picha, amepiga. Swali la kwanza analokutana nalo ni "Una miadi?" Akisema hana, anaambiwa asubiri tarehe yake.

Na shangazi tumeandaa maneno ya kusema, akayaandika kwa mkono wake: "Niliwahi kutibiwa melanoma ya unyayo. Kuna kitu kipya, au kilichobadilika. Kipo mahali hapa. Mwezi uliopita kilikuwa hivi, sasa kiko hivi. Naomba kionwe." Anayasema pia kwa kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne, na kwa mtoki wa shingoni, kwapani au kinenani usioondoka. Hasemi "samahani kwa usumbufu." Tulikubaliana hilo liondoke.

Miadi ijayo nitamwomba daktari jambo moja: aandike kwenye kadi za wagonjwa wote wa aina hii namba ya kupiga nje ya miadi, na amwelekeze anayeipokea aanze kwa kuuliza, "Limebadilika tangu lini?"